Unyayo Pembeni mwa Njia

Kesho asubuhi mkipeleka mbuzi mtoni, wajukuu zangu, tazameni na chini. Mchanga wetu wa Engaresero hausahau upesi. Pundamilia akipita usiku, mtamwona asubuhi. Nyoka akivuka njia, ameandika jina lake. Hata upepo wa kutoka Ziwa Natron huacha mikunjo yake juu ya majivu. Mwenye kujua kusoma ardhi hahitaji kuambiwa nani kapita.

Waliotufundisha kuchunga walitupa sheria moja, nami nawarithisha. Ukitumwa kumtafuta ndama aliyepotea, fuata nyayo za ndama. Lakini ukikuta pembeni mwa njia unyayo wa fisi, simama. Hukutumwa fisi, ni kweli. Ila huwezi kurudi bomani na ndama wako ukanyamaza kimya. Mchungaji anayesema, "Mimi nilitumwa ndama tu," ndiye atakayehesabu mbuzi kesho yake akakuta hesabu haitimii.

Hadithi yangu ya leo ni ya madaktari waliotumwa kuutazama moyo, wakaona unyayo kwenye titi, wakasema. Ni hadithi ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho. Nataka muisikie wote, wasichana na wavulana, na atakayeona haya kwa sababu nimetaja titi akumbuke kwamba hakuna aliyeketi hapa ambaye hakunyonya.

Tuanzie hapa kwetu. Kusini mwa Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, kuna nyayo za watu wa kale. Majivu ya mlima yalichanganyika na maji yakawa tope, watu wakakanyaga wakapita, tope likakauka likawa gumu kama jiwe. Mwana wa kijiji hiki ndiye aliyeziona kabla wanasayansi hawajafika. Zimehesabiwa zaidi ya 400, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 6,000 hivi na 19,000. Mwaka 2020 watafiti waliozipima walitoa habari iliyonifurahisha sana: kundi moja la watu 17 lilitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na yaelekea 14 kati yao walikuwa wanawake wazima, wawili wanaume wazima, na mmoja kijana wa kiume.

Nani aliwaona kina mama wale? Hakuna. Hakuna picha yao, wala mifupa yao haijapatikana pale. Watafiti walipima urefu wa unyayo na nafasi kati ya hatua na hatua, wakalinganisha na nyayo za watu wa leo, wakajua. Elimu yote ya leo ni hiyo hiyo: kumjua asiyeonekana kwa alama aliyoiacha.

Sasa tuingie ndani ya mwili.

Mwili wako umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Fikiria kila seli kuwa boma dogo. Ndani ya boma kuna majiko, ambayo darasani mtayaita mitokondria. Majiko hayo huchukua chakula ulichokula na oksijeni uliyoivuta, yakatoa nguvu ya kuendeshea kazi za seli. Boma lenye shughuli nyingi lina majiko mengi, kama nyumba yenye harusi.

Ni kiungo gani chenye shughuli isiyokoma? Weka mkono kifuani. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Miguu hupumzika ukikaa, macho hupumzika ukilala, moyo haulali. Kwa hiyo msuli wa moyo umejaa majiko, na yote yanawaka.

Titi ni jirani wa moyo. Lina tezi za maziwa, mirija ya kuyapitisha, mafuta, na nyuzi zinazoshikilia vyote. Hubadilika mara nyingi katika maisha ya mwanamke: anapovunja ungo, kila mwezi anapokaribia hedhi, anapobeba mimba, anaponyonyesha, anapozeeka. Mabadiliko mengi ni ya kawaida, na hata vivimbe vingi vinavyoguswa kwenye titi si saratani. Shikeni hilo, maana hofu nayo huwazuia watu kwenda hospitali.

Lakini mara nyingine seli moja huacha kusikia amri. Huzaa pasipo kuagizwa, na watoto wake nao huzaa, hadi liwe fundo. Hiyo ndiyo saratani. Seli zinazozaliana kwa fujo namna hiyo zinataka nguvu nyingi na damu nyingi, na mara nyingi majiko yake huwaka kuliko ya jirani zake. Hapo fisi ameacha unyayo: moto ambao haukupaswa kuwaka mahali pale. Tutauonaje moto huo bila kumpasua mtu?

Wachungaji wanalo jibu. Ng'ombe akiingia vichakani usiku, humwoni, ila kama umemfunga kengele shingoni utamjua alipo. Madaktari nao walitafuta kengele ya kutia kwenye damu, itembee mwili mzima, itulie penye majiko mengi, na mlio wake usikike hadi nje ya ngozi. Tena iwe kengele ya kulia kwa muda mfupi kisha inyamaze, isimdhuru aliyeibeba.

Kengele hiyo ilianzia kwenye pengo. Katika jedwali la elementi, lile mtakalofundishwa sekondari, nafasi ya 43 ilikuwa tupu kwa miaka mingi. Watu walichimba, wakachuja, wasiipate. Mwaka 1937, katika mji wa Palermo kisiwani Sicily, nchini Italia, Carlo Perrier na Emilio Segrè walichunguza kipande chembamba cha madini ya molibdeni kilichotoka kwenye mashine ya Ernest Lawrence huko Berkeley, Marekani. Kipande kile kilikuwa kimepigwa na chembe ndogo zenye mwendo mkali kwa muda mrefu. Ndani yake wakaikuta namba 43. Ndiyo elementi ya kwanza iliyopatikana kwa kutengenezwa na mwanadamu, wakaipa jina la teknesi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichotengenezwa. Mwaka uliofuata Segrè na Glenn Seaborg wakatambua aina yake moja, teknesi-99m, na hiyo ndiyo kengele yetu.

Mlio wake ni mionzi ya gama. Ni mwanga wa aina yake, macho hayauoni, lakini unapenya nyama na ngozi ukatoka nje. Na namna unavyonyamaza mtaielewa kwa kibuyu cha maziwa. Tuseme kibuyu kimejaa saa sita mchana. Kila baada ya saa sita, nusu ya kilichomo hutoweka. Saa kumi na mbili jioni kimebaki nusu. Saa sita usiku imebaki robo. Saa kumi na mbili asubuhi imebaki nusu ya robo. Ikifika saa sita mchana wa pili, umebaki mgao mmoja tu kati ya kumi na sita. Teknesi-99m hupungua hivyo hivyo, na nyingine mwili huitoa wenyewe kwa mkojo na choo. Aliyepimwa jana, leo amebaki na kidogo sana.

Najua kati yenu yupo atakayeuliza: kama inapungua upesi hivyo, itafikaje hospitali iliyo mbali na mahali inapotengenezwa? Itaishia njiani!

Ni swali zuri, na jibu lake ni la kwenu ninyi watoto wa wafugaji. Usisafirishe maziwa, safirisha ng'ombe. Molibdeni-99 ndiyo mama. Yeye hupungua polepole zaidi, nusu kwa saa 66, karibu siku tatu, na kila anapopungua huzaa teknesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanasayansi wa maabara ya Brookhaven, jimboni New York, walitengeneza chombo cha kumhifadhi mama huyo. Kimezungushiwa madini mazito ya risasi ili mionzi isitoke ovyo. Mtaalamu hupitisha maji ya chumvi ndani yake, maji yanatoka na teknesi, molibdeni inabaki. Akikikamua leo asubuhi, kesho asubuhi kiwele kimejaa tena. Baada ya wiki moja au mbili maziwa hukauka, ikabidi aletwe ng'ombe mwingine.

Sisemi ng'ombe ili kuwapendeza. Wataalamu wenyewe, huko Ulaya na Marekani, hukiita chombo hicho ng'ombe, na kazi ile huiita kukamua. Na hapa Afrika tunaye mzalishaji mkubwa wa molibdeni hiyo: Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye tanuri la nyuklia liitwalo SAFARI-1, lililoanza kazi mwaka 1965. Kutoka huko husafirishwa hadi nchi nyingi za dunia.

Kengele tumeipata. Sasa tunahitaji sikio.

Sikio hilo lilibuniwa na Hal Anger, huko huko Berkeley, mwaka 1957. Jina lake ni kamera ya gama. Mbele ina sahani nene ya risasi yenye matundu mengi yaliyopangwa kama sega la asali. Mionzi inayokuja moja kwa moja hupita kwenye tundu, inayokuja kwa kukata kona huzuiwa. Bila sega hilo picha ingekuwa ukungu mtupu. Nyuma ya sega kuna fuwele, nayo kila inapopigwa na mwonzi hutoa cheche ndogo ya mwanga. Mashine huhesabu cheche, ikaandika kila moja imetokea wapi. Cheche zikiwa nyingi mahali pamoja, pale kuna kengele nyingi. Hivyo picha huchorwa nukta kwa nukta, kama mama anavyotunga ushanga wa shingoni.

Tofauti ya mashine hii na ile ya eksirei ni kubwa. Eksirei ni kama tochi: mashine inamulika, mwili unatupa kivuli. Kamera ya gama haimuliki kitu. Inakaa kimya inasikiliza, mlio unatoka kwa mgonjwa. Eksirei hukuonyesha boma limejengwaje. Kamera ya gama hukuambia katika boma lile nani yuko macho na anapika.

Kengele peke yake, hata hivyo, haijui njia. Lazima ifungwe kwa mnyama anayejua aendako. Wanakemia wawili, Alan Davison wa chuo cha MIT na Alun Jones wa Harvard, walishirikiana na wenzao kutengeneza dawa iitwayo sestamibi. Katikati yake imekaa teknesi, na kuizunguka kuna vipande sita vinavyofanana, kama watoto sita walioshikana mikono kumzunguka mwenzao mmoja. Dawa hii ina chaji chanya ya umeme, na ndani ya mitokondria kuna chaji hasi. Mmesoma kwamba chanya na hasi huvutana. Kwa hiyo sestamibi ikishafika kwenye seli kwa njia ya damu, huvutwa hadi kwenye majiko ikatulia hapo.

Ilitengenezwa kwa ajili ya moyo. Marekani iliiruhusu itumike mwezi Desemba 1990. Mgonjwa hutembezwa kwenye mkanda unaozunguka mpaka moyo uende mbio, akadungwa sindano ya dawa, akapigwa picha. Picha nyingine hupigwa akiwa ametulia. Sehemu ya moyo inayopata damu vizuri huonekana inang'aa. Sehemu ambayo mshipa wake umeziba huonekana giza. Daktari akilinganisha picha mbili anajua mshipa upi unampa mgonjwa shida, kabla moyo haujasimama.

Hapo ndipo ulipo unyayo wetu wa pembeni.

Ili kuupiga picha moyo, kamera husogezwa kifuani, na kifua si moyo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa vipimo hivyo wakaanza kuona, kwa baadhi ya wagonjwa, mwanga mahali ambapo hawakuutarajia. Kengele ililia kwenye kichaka ambacho hawakupeleka ng'ombe. Mara nyingine mwanga huo ulikuwa kwenye titi, na walipofuatilia wakakuta pana uvimbe. Ingekuwa rahisi kusema, "Tumeulizwa moyo, moyo tumeujibu." Wako waliokataa kusema hivyo. Waliandika walichokiona ili wenzao wasome, na wenzao wakaanza kutafuta kwa makusudi kile kilichokuwa kimeonekana kwa bahati.

Mmoja wao ni daktari Iraj Khalkhali wa California. Yeye na wenzake waliona kwamba mgonjwa akilala chali, moyo na ini vinang'aa mno vikaufunika mwanga mdogo wa titi. Wakamlaza kifudifudi kwenye kitanda maalumu, titi likaning'inia huru mbali na moyo, kamera ikawekwa ubavuni. Matokeo yao waliyachapisha mwaka 1994. Mwaka 1997 Marekani ikaruhusu dawa ile ile ya moyo itumike rasmi kusaidia uchunguzi wa titi. Dawa ni ile ile, kamera ni ile ile, teknesi ni ile ile iliyokamuliwa asubuhi. Walichobadilisha ni namna ya kumlaza mgonjwa, na swali walilouliza.

Na kwa nini ihitajike kamera hii, wakati mamografia, ile eksirei ya matiti, ipo tangu zamani? Twendeni Natron nikawaonyeshe.

Mnalijua ziwa letu wakati wa kiangazi, maji yakikauka na magadi yakaganda juu kama mkeka mweupe. Sasa mtume mtoto akamtafute yangeyange, ndege mweupe, aliyesimama juu ya magadi meupe, jua la saa sita likiwaka. Atasugua macho mpaka achoke. Kwenye mamografia mafuta ya titi huonekana meusi, lakini tezi na nyuzi huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe. Mwanamke ambaye titi lake lina tezi na nyuzi nyingi, uvimbe wake unaweza kujificha kama yangeyange kwenye magadi. Matiti ya wanawake vijana mara nyingi huwa hivyo, na hapa Afrika Mashariki wanawake wengi wanaopata saratani ya matiti ni wa umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya. Kamera ya gama haijali weupe wala weusi. Humwacha yangeyange na rangi yake, ikasikiliza kengele.

Baadaye, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Rochester, jimboni Minnesota, daktari Deborah Rhodes na mwanafizikia Michael O'Connor, pamoja na wenzao, walifanyia kazi kamera ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya titi tu, zenye fuwele za aina mpya. Zinakaa juu na chini ya titi, zikiligusa kwa upole, na kwa kuwa ziko karibu zinasikia hata kengele ndogo. Kamera kubwa ya moyo, kwa kawaida, haisikii vizuri uvimbe ulio chini ya sentimita moja, kama punje ya haragwe dogo. Kamera hizi mpya zinaweza kuuona ulio mdogo zaidi.

Msimulizi mwaminifu haishii kwenye sifa. Kipimo hiki kina mipaka yake, na mnapaswa kuijua.

Kengele inaweza kulia pasipo fisi. Kuna vivimbe visivyo saratani ambavyo navyo huwasha majiko yao, na kidonda cha ndani nacho kinaweza kung'aa. Kuna pia saratani zinazopita kimya. Kwa hiyo mwanga kwenye picha ni sababu ya kuchunguza zaidi. Hukumu hutolewa maabara, baada ya daktari kuchukua kinyama kidogo kwa sindano na mtaalamu kukitazama kwa hadubini.

Tena dawa hii hupita mwili mzima, na mionzi yake, ingawa ni kidogo, haitolewi bila sababu. Mama mjamzito huepushwa nayo, na anayenyonyesha lazima amwambie daktari kabla ya sindano. Ndiyo maana kipimo hiki si cha kila mtu. Wa kwanza kutumika ni mkono wa mhudumu anayepapasa titi, kisha altrasaundi na mamografia. Kamera ya gama huitwa kusaidia pale wenzake waliposhindwa kuamua. Na akitokea mtu sokoni akawaambia ana mashine moja inayojua magonjwa yote ya mwili, shikeni fedha zenu. Hata hawa waliotumia miaka mingi kuisikiliza kengele moja hawajadai hivyo.

Je, Tanzania tunacho chombo hiki? Kamera ya gama ipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, kando ya bahari. Hospitali hiyo ilianza enzi za Wajerumani, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani ya taifa. Kamera za aina hiyo hutumika kwa mifupa, figo, tezi ya shingo na viungo vingine. Mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina maabara hapa mkoani kwetu, jijini Arusha. Ikitokea mmoja wenu akapenda fizikia, asidhani ni kazi ya watu wa mbali. Mlango wake mmoja uko Njiro, hapo hapo Arusha.

Engaresero hatuna kamera ya gama. Kutoka hapa hadi Mto wa Mbu ni zaidi ya kilometa 100 za vumbi na makorongo, halafu Arusha, halafu Dar es Salaam. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba hadithi ya teknesi itamponya jirani yetu kesho. Lakini ile sheria ya mchungaji, ambayo ndiyo iliyoizaa kamera ya titi, haihitaji umeme wala lami. Tunayo tayari.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani. Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata wanawake milioni 2.3, na 670,000 walifariki. Hapa Tanzania ni ya pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana. Na wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakati uvimbe umekuwa mkubwa. Ukimuuliza mama aliyechelewa, mara nyingi atakwambia aliuona mapema. Aliona unyayo, akanyamaza. Labda aliona haya. Labda hapakuwa na wa kubaki na mifugo. Labda hapakuwa na maumivu, naye alidhani kisichouma hakina madhara. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na hapo ndipo unapodanganya.

Basi mjue unyayo wenyewe. Ni fundo gumu kwenye titi au kwapani. Ni titi moja kubadilika umbo au ukubwa kuliko lilivyokuwa. Ni ngozi kubonyea, au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Ni chuchu iliyoanza kuingia ndani, au inayotoa damu au majimaji kwa mwanamke asiyenyonyesha. Ni kidonda kisichopona. Mwenye kuona hata kimoja aende zahanati, na akielekezwa mbele kwenye hospitali ya Karatu, Wasso au Arusha, aende.

Na ninyi watoto mna kazi ambayo sisi wazee hatuiwezi. Wapo hapa bibi zenu wasiosoma, na wengine wanaojua Kimaa peke yake. Karatasi ya zahanati imeandikwa Kiswahili. Ninyi ndio mtakaoisoma, mtakaomweleza bibi kwa lugha yake, mtakaomkumbusha tarehe ya kurudi. Wavulana, siku mama akisema anataka kwenda hospitali, jitoleeni kubaki na mbuzi bila kuuliza ni ugonjwa gani. Wasichana, mkiona kitu kwenye miili yenu wenyewe, msikifunike kwa shuka. Mwambieni mama, shangazi, mwalimu au muuguzi. Kwa umri wenu karibu kila mara ni kukua tu, naye atawatoa hofu.

Kina mama 14 waliopita chini ya Lengai walitembea pamoja, wala tope halikuonyesha aliyeachwa nyuma. Sisi ni wa mahali walipopita. Daktari aliyetumwa moyo aliona titi, akasema, na kwa sababu alisema, watu wa mbali ambao hakuwajua wamepona. Nawe mjukuu wangu, ukiona unyayo wa fisi pembeni mwa njia, hata kama hukutumwa fisi, usilale nao. Sema kabla jua halijatua.